Chuma cha chapati kilichoota kutu si cha kutupa

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Tukuyu aliniletea chuma cha chapati ndani ya kiroba, chekundu chote kwa kutu. "Mwanangu, niambie tu kama ni cha kuwapa wanunua vyuma chakavu." Nikamwambia, "Hapana mama, hiki kizima kabisa. Niachie siku mbili."

Mimi ni mpishi, na kwa mvua na ukungu wa huku Rungwe nimefufua vyuma vingi vya namna hiyo. Kutu nyingi huwa ya juu juu. Nasugua kwa stilwaya, pale ilipogandamana napitisha msasa, naosha, halafu nakibandika motoni papo hapo kikauke. Ukikiacha kijikaushe chenyewe, kutu inarudi kabla hujamaliza kunywa chai.

Kazi yenyewe ni mafuta, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kikiwa cha moto kiasi, nadondosha mafuta ya alizeti nusu kijiko cha chai, nayapaka kwa kitambaa cha pamba mbele, nyuma hadi mpini. Kisha nachukua kitambaa kingine kikavu na kuyafuta yote, kama vile niliyapaka kwa bahati mbaya. Kinachobaki hakionekani kwa macho, na hicho ndicho kinachotakiwa. Natandaza mkaa usirundikane katikati, nakifudikiza juu ya jiko, na moshi mwembamba unaanza kutoka. Nakiacha mpaka moshi ukome, kipoe, narudia. Mara nne hivi rangi inatoka kijivu kwenda kahawia, hadi nyeusi inayong'aa.

Mafuta hayakauki kama maji. Yakipata hewa na joto la nyuzi 200 na zaidi, chembe zake hushikana na kuwa utando mgumu uliong'ang'ania chuma. Alizeti hushikana vizuri, mawese na samli huchelewa. Ukipaka mengi, juu yanaganda na chini yanabaki mabichi, chuma kinanata kama ulimbo na chapati inachunika.

Tatizo lingine ni haraka. Chuma cha kusubu kama hiki, yaani cha kuyeyushwa na kumiminwa, hupitisha joto polepole kuliko sufuria ya alumini, ila kikishalibeba hakiliachii upesi. Nakipa dakika kama kumi kwenye moto wa wastani kabla ya chapati ya kwanza. Ukikibandika kwenye moto mkali, katikati pataunguza na pembeni pabaki pabichi.

Kikaango changu cha kwanza nilikiua mwenyewe, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Kilikuwa kimetoka motoni, nikakimwagia maji ya ndoo. Ulisikika mlio mmoja kama wa tawi kavu, na ufa ukatoka ukingoni hadi katikati. Chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu kina kaboni ya asilimia 2 hadi 4, kwa hiyo ni kigumu lakini hakijui kupinda. Sehemu moja ikisinyaa ghafla, kinapasuka. Chuma cha wahunzi wa zamani wa Ufipa kilikuwa cha kufuliwa kwa nyundo. Hicho kingepinda. Uchungu wa kukipoteza kikaango kile sijausahau.

Kuosha ni jambo dogo: maji ya vuguvugu, dodoki, sabuni kidogo si dhambi. Usikiloweke usiku kucha. Rosti ya nyanya au kitu cha ndimu subiri utando ukomae, maana uchachu huula na mboga hupata ladha ya chuma.

Mama alipokuja kukichukua, nilimkaangia yai juu yake, likateleza hadi kwenye sahani bila kuguswa na mwiko. Nikampa na kurasa mbili za gazeti. "Mama, ukishakiosha kirudishe jikoni dakika mbili tatu, kifute na tone la mafuta, kikipoa kizungushie hili gazeti. Usikifungie tena kwenye kiroba."