Je, wajua kwa nini maji ya Marangu huonekana kupanda mlima?

Ukitembea vijijini Marangu, upande wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, utaona jambo linalochanganya macho. Njia unayoifuata inateremka, mto unanguruma chini korongoni, lakini mfereji mwembamba pembeni mwa migomba unapeleka maji kana kwamba unayapandisha kwenye mgongo wa kilima. Mfereji huo ni mfongo, na Wachaga walikuwa wakiichimba mifongo tangu kabla ya Wazungu wa kwanza kufika mlimani.

Maji hayapandi, bila shaka. Mfongo unashuka, ila unashuka kidogo mno kuliko kila kitu kilicho karibu nao. Jicho lisipoona upeo ulio sawa, huuchukua mteremko wa ardhi kuwa ndio usawa, na chochote kinachoshuka polepole kuliko ardhi huonekana kinapanda. Anayebisha achukue chupa angavu yenye maji nusu, ailaze kuelekea mfongo unakokwenda, kisha alinganishe uso wa maji ya chupani na ukingo wa mfereji. Ubishi utaisha hapo hapo.

Lakini kwa nini kujisumbua hivyo wakati mito ipo tele? Kwa sababu mito imekata makorongo marefu, na watu na vihamba vyao, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, wako juu, kwenye migongo iliyo kati ya korongo na korongo. Ndoo ya kichwani inatosha kupikia, hainyweshi migomba na kahawa miezi ya kiangazi, sembuse ulezi wa mbege (pombe ya Kichaga ya ndizi na ulezi), ambao zamani ulilimwa kiangazi kwa maji ya mfongo.

Siri iko kwenye hesabu ya mteremko. Chukulia kwamba mto na mgongo wa kilima vyote vinashuka mita 80 kwa kila kilomita. Mfongo ukitoka mtoni na kushuka mita 10 tu kwa kilomita hiyo, mwisho wake utakuwa mita 70 juu ya mto. Korongo lenye kina cha mita 60 limeshashindwa, na maji yamefika mgongoni bila pampu. Ndiyo maana banio, yaani mahali maji yanapochepushwa, huwa mbali juu, mara nyingi karibu na msitu, na mfongo hujipinda ukifuata ubavu wa korongo kabla ya kutokeza kwenye mashamba.

Kupata mteremko huo ndiyo kazi ngumu. Kipimo cha uhakika ni maji yenyewe: unachimba kipande, unafungulia, unatazama, unarekebisha, ndipo unaendelea. Mteremko ukizidi, maji hukimbia, hukwangua udongo na kubomoa kingo. Ukipungua, tope hutuama na maji hunywewa na ardhi kabla ya kufika kwa mtu wa mwisho. Panapokatiza kijito kingine, zamani maji yalivushwa kwa gogo lililochongwa katikati. Leo utakuta bomba.

Banio la asili lina jambo la kupendeza. Ni mawe, matawi, vigogo vya migomba na mabonge ya udongo wenye nyasi, na mgeni anaweza kudhani ni kazi ya ovyo. Udhaifu huo una faida yake. Mto ukifurika wakati wa masika, banio husombwa na mafuriko hubaki mtoni. Lingekuwa imara kupita kiasi, maji yote yangeingia mfongoni na kupasua kingo juu ya nyumba za watu. Kujenga banio upya ni kazi ya siku chache, lakini mfongo uliomeguka ubavuni mwa korongo ni balaa. Maadui wengine ni fuko na kaa wanaotoboa kingo: tundu dogo leo, kesho maji yote yako kwa jirani wa chini.

Kisha kuna nduwa, bwawa dogo la udongo. Usiku, wakati hakuna anayenywesha, mfongo huijaza. Asubuhi huzibuliwa na maji kutoka kwa wingi. Maji kidogo yangeishia njiani, lakini yakitoka kwa kishindo hufika shamba la mbali. Kila nyumba huwa na zamu yake, na asiyetokea siku ya kusafisha mfongo hutozwa faini au hukosa maji.

Kuifikia Marangu si shida. Kutoka Moshi ni kilomita zipatazo 40 kwa kupitia Himo, na daladala hushusha Marangu Mtoni. Njoo kati ya Julai na Oktoba, mifongo inapofanya kazi. Aprili na Mei njia ni utelezi na mabanio mengi hayapo. Si kila mfongo unaotiririka siku hizi, maana mabomba yamefika majumbani na vijana wa kuchimbua tope wako mijini, hivyo tafuta mwenyeji wa kukuongoza. Mfongo hupita katikati ya vihamba vya watu: piga hodi, salimia, usikanyage ukingo wala kusafishia viatu humo.

Karibu na hapo kuna mahandaki ambayo Wachaga walijificha wakati wa uvamizi wa Wamasai na vita vya Mangi (mtawala wa Kichaga) kwa Mangi. Udongo wa volkano ulioshikana huchimbika kwa zana za mkono na husimama bila nguzo. Milango ni myembamba makusudi: adui alilazimika kuingia akitanguliza kichwa, na mlinzi alikuwa akimngoja ndani. Waongozaji husimulia kwamba udongo uliochimbwa ulimwagwa mtoni, usije ukamwonyesha adui mahali pa kuchimbua. Beba tochi na vaa nguo usizozionea huruma. Mwenye pumu au hofu ya mahali finyu abaki nje.

Ukibaki na nusu siku, maporomoko ya Kinukamori yako mwendo mfupi kutoka Marangu Mtoni. Lango la Hifadhi ya Kilimanjaro lipo juu zaidi, kama mita 1,870 kutoka usawa wa bahari. Wapanda milima Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walianzia Marangu safari iliyowafikisha kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, na Yohani Kinyala Lauwo, mzaliwa wa Marangu, hutajwa kuwa kiongozi wao. Kwenda langoni kwa miguu ni kupanda mwanzo mwisho, kwa hiyo panda kwa gari na urudi ukitembea: ukishuka ndipo mifongo hudanganya macho zaidi.