Mbio za vijia na utulivu wa akili

Mbio za vijia ni kukimbia nje ya lami: kwenye njia za miguu za msituni, milimani, kandokando ya mito, popote ardhi ilipobaki na mawe yake, mizizi yake na tope lake. Chama cha kimataifa cha mbio hizi, ITRA, kilichoanzishwa mwaka 2013, kinataka lami au saruji kwenye njia ya mashindano iwe kidogo iwezekanavyo. Mwaka 2015 shirikisho la riadha la dunia nalo likautambua mchezo huu kuwa tawi la riadha. Mbio za nyika ni kitu kingine, kwa kuwa huko wakimbiaji huzunguka mzingo mfupi uliotengwa kwa ajili ya mashindano. Kwenye vijia unaweza kukimbia kilomita 5 peke yako jioni, au kilomita 170 hivi kuuzunguka mlima Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, kama wafanyavyo washiriki wa mashindano ya UTMB, yaliyoanza 2003.

Hata hivyo, wengi wanaokimbia vijia hawashindani na mtu. Wanafuata nafuu fulani ya moyo, na watu husema inaletwa na mandhari. Mandhari yana sehemu yake, lakini mimi naamini nafuu hiyo huanzia miguuni. Kwenye lami, hatua moja inafanana na nyingine, hivyo kichwa kinabaki na muda wa kutosha kurudia deni, ugomvi na kazi ya kesho. Mtazame mtu anayeshuka mteremko wenye mizizi. Macho yake yako hatua tatu nne mbele, viwiko vimepanuka kidogo kutafuta mizani, hatua ni fupi na za harakaharaka. Jiwe likicheza, kifundo cha mguu hujirekebisha kabla hata hajawaza, maana misuli na kano zina vihisi vinavyoujulisha mwili mkao wa kila kiungo. Umakini wake wote umeshapata kazi. Deni bado lipo, ila kwa dakika hizo halina pa kukaa.

Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan walieleza upande wa pili wa jambo hili. Umakini wa kujilazimisha, ule tunaoutumia mezani na kwenye skrini, huchoka. Vitu vya asili kama majani yanayotikisika au maji yanayotiririka huvuta macho bila kudai juhudi, na hapo umakini uliochoka hupata kupumzika. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipeleka kundi moja kutembea dakika 90 kwenye eneo la asili na jingine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliokwenda kwenye asili walirudi wakiwa wamepungukiwa na ile tabia ya kutafuna mawazo mabaya yaleyale kuhusu nafsi zao. Walitembea tu, hawakukimbia, na hilo lafaa kukumbukwa: faida haidai kasi.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayetafuta utulivu asikimbie kijia kwa hesabu za barabarani. Kilomita moja yenye mwinuko mkali inaweza kuchukua muda maradufu, na anayeitazama saa kila mara atajiona dhaifu bure. Kipimo bora ni pumzi: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, uko sawa. Kilima kikikaza, tembea. Hata mabingwa wa masafa marefu hutembea kwenye miinuko mikali, mikono ikiwa imesukuma magoti, na hakuna anayewaona wamekata tamaa. Kwa wengi wanaotoka kwenye lami, hili ndilo gumu kuliko yote.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Misuli ya mapaja hufanya kazi ya kufunga breki huku ikivutwa, na maumivu yake hukolea siku ya pili au ya tatu, hata kama siku yenyewe ulijisikia mwepesi. Kwa hiyo ongeza miteremko kidogokidogo.

Kukimbia huku hakuchukui nafasi ya matibabu. Mwenye sonona au wasiwasi usiokwisha anahitaji mtaalamu, na mbio zinaweza kwenda sambamba na tiba hiyo.

Kwa kuanzia, chagua kijia kifupi unachokijua na ukikimbie mchana. Vaa viatu vyenye soli ya meno inayoshika udongo, beba maji na simu yenye chaji, na mwambie mtu unapitia wapi na utarudi saa ngapi. Ukivaa vipokea sauti vya masikioni, hutasikia kokoto zikiteleza chini ya mguu wala mtu anayekuja nyuma yako, basi viache nyumbani.