Tumbawe limejikunja: kabla hujashika chupa ya dawa

Swali huwa ni lilelile, anayebadilika ni muulizaji tu: "Kaka, tumbawe langu jana lilikuwa limechanua, leo limejikunja kama ngumi. Nitie dawa gani?" Jibu langu huudhi. Usitie kitu. Chota maji upime, kisha kaa mbele ya tangi nusu saa uliangalie, na usiku urudi na tochi. Matumbawe laini mengi niliyoona yakifa kwenye matangi madogo yalikufa baada ya mwenyewe kuingia hofu na kuanza kumimina.

Nazungumzia matumbawe yasiyojenga mifupa ya mawe: Sarcophyton lenye umbo la uyoga, Sinularia lenye vidole, Xenia linalofumba na kufumbua, na Capnella, ambalo wauzaji duniani wanaliita mti wa Kenya. Utayajua kwa polipu zake, yaani vile viumbe vidogo kama maua vilivyotapakaa mwilini: kila polipu ina minyiri minane, na kila mnyiri una vitawi pembeni kama unyoya. Tangi langu ni la lita 60, liko Dar es Salaam. Ukitoa mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 50, na hesabu zote za hapa chini ni za lita hizo.

"Limejikunja, basi linakufa"

Sarcophyton hujivua. Hufunga polipu zote, juu panabaki kipara na panang'aa kama pamepakwa nta, rangi inafifia, halafu utando mwembamba unabanduka na kuondoka na mwani na uchafu uliotua mwilini. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, mara nyingine wiki na zaidi. La kwangu lilifunga siku tisa. Siku ya nne nilikwishaweka ndoo tayari ya kulitoa, rafiki yangu aliyeanza kufuga kabla yangu akaniambia, "Hebu geuza pampu lipate mkondo, halafu liache." Siku ya kumi utando ukaanza kung'oka vipande kama ganda la kitunguu, na jioni polipu zikatoka. Mkondo ule ulikuwa na maana: maji yakitulia, utando unagandia palepale, na chini yake bakteria wanapata makazi.

Cha kutisha ni kingine. Mwili ukiwa umesimama na una ugumu wake, hata kama umefunga kabisa, ngoja. Ukiona shina linalegea mahali pamoja, doa jeusi au la kahawia linatanuka kila siku, nyama inatoka kama uji, hapo pana kuoza. Pua inasaidia kuliko picha ya simu. Sarcophyton zima nalo lina harufu kali likitolewa majini, lakini lililooza linanuka yai viza, na ukiinusa mara moja hutaisahau.

Xenia lina kisa chake. Wengi wanadhani linapiga vile, kufumba na kufumbua, ili kukamata chakula. Watafiti wa Israeli walichunguza jamaa yake, Heteroxenia, huko Eilat kwenye Bahari ya Shamu, na mwaka 2013 wakaonyesha kwamba kupiga huko kunaondoa oksijeni inayorundikana kwenye polipu, na hivyo mwani ulio ndani yake unatengeneza chakula vizuri zaidi. Likiacha kupiga huku limesimama, jiulize ni kitu gani kilibadilika siku mbili tatu zilizopita. Lakini likianza kuyeyuka, usilisubiri asubuhi. Linyonye kwa mpira ulitoe, maana katika lita 50 Xenia lililooza usiku mmoja linachafua maji ya wote.

"Limepauka, liongezee mwanga"

Rangi ya kahawia unayoiona ni ya mwani mdogo mno unaoishi ndani ya mwili wa tumbawe na kulilisha. Joto au mwanga ukizidi, tumbawe linamfukuza mpangaji wake. Ndiyo maana likapauka. Ndicho kilichotokea mwaka 1998 pwani yetu yote, Kenya na Tanzania, bahari ilipopata joto la El Niño: matumbawe yakawa meupe na mengi yakafa. Tumbawe lililopauka bado li hai, lina njaa tu, na kuliongezea taa ni kumwanika mgonjwa juani. Punguza nguvu ya taa au ipandishe juu kidogo, uirudishe taratibu kwa wiki kadhaa.

Upaukaji mwingine unatoka upande usiotarajiwa: maji safi kupita kiasi. Mtu anajisifu kuwa nitrati yake ni sifuri na fosfati sifuri (mabaki ya kinyesi na chakula yaliyoyeyuka majini), na tumbawe lake limekuwa rangi ya karatasi. Matumbawe laini yanataka uchafu kidogo. Nitrati ya miligramu 5 hadi 10 kwa lita haina ubaya wowote kwao.

Na joto. Vitabu vya Ulaya vinakufundisha kununua hita. Sisi shida yetu ni Februari, tangi linapogonga nyuzi 30 au 31 wakati unataka 25 hadi 27. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji itakushushia nyuzi mbili hivi. Inashusha kwa kuyakausha maji, na hapo ndipo tunapoingia kwenye kosa linaloua kuliko yote.

"Maji yakipungua, ongeza ya chumvi"

Inaonekana ni akili ya kawaida: tangi la maji ya chumvi, lijazwe maji ya chumvi. Lakini kinachokauka ni maji matupu. Chumvi yote inabaki ndani. Tuseme feni inakausha lita moja kwa siku, nawe unarudishia lita moja ya maji ya bahari. Umeongeza gramu 35 za chumvi. Fanya hivyo siku saba, na maji yaliyokuwa na chumvi 35 kwa elfu yanafika karibu 40. Tumbawe linajikunja, wewe unadhani lina ugonjwa, unatia dawa.

Kinachorudishiwa ni maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, kila siku, kidogo kidogo. Hata kutofanya kitu kuna gharama: safiri siku nne bila mtu wa kujaza, lita 50 zikawa 46, chumvi inapanda hadi 38. Ukirudi usimwage lita nne kwa mkupuo kwa sababu ya majuto. Zigawe kwa siku mbili.

Kipimo chenyewe nacho hudanganya. Refraktomita, yaani vifaa vya kupimia chumvi, nyingi zinasetiwa sifuri kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, na bado zinakosea kule juu kwenye 35. Seti kwa kimiminika maalumu cha 35 kwa elfu. Mimi niliishi miezi mitatu nikiamini nina 35, kumbe nilikuwa na 32.

"Maji ya bahari ndiyo bora, tena ya bure"

Tuliozaliwa pwani tuna kiburi hiki, na nusu yake ni haki. Lakini maji yaliyochotwa karibu na mlango wa mto wakati wa masika yana matope, yana chumvi pungufu, na yamebeba kila kilichosombwa na mvua kutoka mjini. Chota wakati maji yamejaa, afadhali bamvua, mbali na mto na bandari, upime chumvi hapohapo. Na uchote maji tu. Tumbawe usiling'oe; ndani ya hifadhi za bahari kama Mafia au Kisite ni marufuku, na hata nje yake lile unalolibandua na bisibisi kwa kawaida linafika nyumbani limekwisha kujeruhiwa chini.

"Dawa ya samaki haiwezi kudhuru tumbawe"

Dawa nyingi za madoadoa meupe ya samaki zina shaba, na shaba inaua wanyama wasio na uti wa mgongo: kamba, konokono, matumbawe. Mbaya zaidi inajificha kwenye mawe na mchanga. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwa mdomo mkavu kwamba "ni ya kila kitu". Samaki mgonjwa ahamishwe kwenye ndoo yake.

Tumbawe likihitaji kuogeshwa, liogeshwe nje: bakuli la maji yaliyochotwa tangini, dawa ya iodini kwa kipimo cha chupa, dakika chache, kisha maji hayo yamwagwe.

"Laini maana yake pole"

Hili jina limetuponza. Sarcophyton na Sinularia hupigana kwa kemikali. Hutoa majini vitu vinavyozuia jirani asikue, na baharini vinasombwa, ila katika lita 50 vinabaki vinazunguka. Ukiwa na tumbawe moja linalostawi sana huku mengine yote yananyong'onyea, na vipimo vyote viko sawa, shuku vita. Weka mkaa maalumu wa kuchujia kwenye mfuko mahali maji yanapopita, uubadilishe kila wiki tatu hivi, na uyatenganishe matumbawe yenyewe.

Usiku ukimulika utakuta vidudu kama kamba wadogo wamejazana kwenye jeraha, na watu huwahukumu kuwa wauaji. Kwa kawaida wanakula nyama iliyokwisha kufa. Muuaji wa kutafuta ni koa wa baharini: anajibanza chini ya shina, rangi yake ni ya tumbawe analokula, na utayaona mayai yake yamezungushwa kama uzi.

Jambo moja silifanyii mzaha. Dukani matumbawe laini huuzwa pamoja na Palythoa na Zoanthus, vile vifungo vya rangi vilivyoungana kama zulia, na baadhi yake vina palitoksini, sumu kali ambayo wanasayansi Moore na Scheuer waliitenga mwaka 1971. Kuna watu walioishia hospitalini kwa kuchemsha mawe yenye vifungo hivyo wakidhani wanayasafisha, kwa sababu walivuta mvuke. Usichemshe, usisugue kwa brashi jiwe likiwa nje ya maji, na vaa glavu na miwani kabla ya kukata.

"Lililooza halina tena faida"

Shina likioza, kichwa huwa bado kizima mara nyingi. Kata kwa wembe mpya, ndani ya nyama safi, sentimita moja juu ya uozo, usione huruma kwa kukata kidogo. Suuza kipande kwenye maji ya tangi. Gundi haishiki mwili wenye ute, kwa hiyo mimi nakiweka kwenye kikombe kidogo chenye vipande vya mawe, nafunika kwa wavu wa kitunguu niliokata, nakiegesha pasipo na mkondo mkali wala taa kali. Wiki ya kwanza hakionyeshi kitu. Kuanzia ya pili nakitikisa kikombe taratibu, na siku mawe yakitikisika pamoja na kipande, wavu unatoka.