Je, wajua kwa nini bei nzuri ya korosho inaweza kumkosesha mbanguaji kazi?

Kwa muda mrefu niliamini, tena nikawaambia na wengine, kwamba viwanda vya kubangua korosho Mtwara na Lindi vinakosa mzigo kwa sababu wageni wananunua korosho ghafi kwa bei ya kutupa. Nilikuwa nimeligeuza jambo juu chini. Wangekuwa wanatoa bei ya kutupa, kiwanda cha hapa kingewapiku mnadani siku ya kwanza. Mnunuzi wa Vietnam au India anaondoka na mzigo kwa sababu anapanda bei. Na bei ikipanda, Newala mpaka Ruangwa tunashangilia. Ndiyo maana sikuwahi kuitilia shaka.

Anawezaje kulipa zaidi na bado akasafirisha maganda baharini? Maana kilo tano za ghafi hutoa kama kilo moja tu ya kiini. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye kalenda. Sisi tunavuna kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa mwaka. India, Vietnam na Afrika Magharibi huanza karibu na Februari.

Chukua wakaanga karanga wawili. Mmoja anapata karanga pande mbili: huku zikiisha, kule zinaanza. Anauza za leo, ananunua za kesho, jiko halizimiki. Mwenzake ana shamba moja la kutegemea, msimu wa miezi mitatu. Lazima anunue gunia za mwaka mzima kwa mkupuo, kwa mkopo, na riba inatembea huku gunia zimelala stoo. Wakigombea gunia moja, yule wa kwanza ataongeza bei na faida ibaki. Wa pili ndiye kiwanda chetu. Kila shilingi inayopanda mnadani inabana malipo ya mbanguaji, mara nyingi mwanamke anayelipwa kwa kilo.

Ndiyo sababu serikali hutoza ushuru korosho ghafi inayosafirishwa nje. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilipunguza ushuru kama huo miaka ya 1990 kwa shinikizo la Benki ya Dunia. Viwanda vikafungwa, maelfu wakakosa kazi. Wachumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch walikadiria kuwa, kwa wastani, kipato cha kaya ya mkulima wa korosho hakikuongezeka kwa zaidi ya dola 5.30 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya nyongeza ya bei iliishia kwa wafanyabiashara.

Hesabu hiyo haihamishiki Tandahimba ilivyo. Mkulima wa huku anauza kupitia chama cha msingi cha ushirika na stakabadhi ghalani, yaani anaweka korosho ghalani, anapewa risiti, kisha mzigo unapigwa mnada, hivyo bei ya mnadani ina njia fupi zaidi ya kumfikia.