Kina optiki cha pete za Zohali na jinsi redio inavyokipima

Mtu akisema kwamba pete za Zohali ni nyembamba, yafaa kwanza aulizwe anakusudia unene upi. Unene wa kawaida, wa kutoka uso wa juu hadi wa chini, hauzidi makumi ya mita katika sehemu kubwa ya pete kuu, ilhali upana wake ni makumi ya maelfu ya kilomita. Unene ambao redio huupima ni wa namna nyingine, nao huitwa kina optiki, yaani kiasi ambacho vipande vya barafu vya pete huyazuia mawimbi yasipite.

Kipimo hufanyika chombo cha angani kinapopita nyuma ya pete huku antena yake ikielekea Duniani. Cassini, chombo kilichokuwa kikiizunguka Zohali, kilianza kazi hiyo tarehe 3 Mei 2005, kikituma kwa pamoja mawimbi ya urefu wa sentimita 0.94, 3.6 na 13, nayo yakapokewa Duniani zaidi ya saa moja baadaye. Kina optiki kikiwa 1 katika njia ya mawimbi, hubaki takriban asilimia 37 ya nguvu yake. Kikiwa 2, hubaki asilimia 14 tu.

Jambo linalosahaulika kwa urahisi ni mshazari wa njia hiyo. Voyager 1, chombo kilichoipita Zohali kabla ya Cassini, ilipopima mnamo Novemba 1980, mawimbi yalizipita pete kwa pembe ya digrii 5.9 tu, hivyo yakasafiri ndani yake umbali wa karibu mara 10 ya kupita wima, na pete B, iliyosongamana kuliko zote, ikayameza karibu yote. Wakati wa Cassini pembe ilizidi digrii 23, na umbali huo ukawa kama mara 2.5 tu. Ndiyo maana kina kilichopimwa huzidishwa kwa saini (sine ya hesabu) ya pembe, ili kipatikane kile cha wima, ambacho ndicho kinachoweza kulinganishwa.

Urefu wa mawimbi una siri yake pia, kwa sababu kipande kidogo sana kuliko wimbi hakilizuii kwa kiasi cha maana. Pale ambapo wimbi la sentimita 0.94 linafifia kuliko lile la 13, tunajua kwamba vipande vidogo ni vingi. Kwa njia hiyo Cassini kilionyesha kwamba katika sehemu kubwa ya pete B vipande vilivyo chini ya sentimita 5 ni haba, ilhali katika pete A, iliyo nje ya pete B, huzidi kuongezeka kadiri ukingo wa nje unavyokaribia.