Kapasita si mikrofaradi peke yake

Kapasita ni kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme kwenye saketi, na uwezo wake hupimwa kwa mikrofaradi. Hizi ni dhana potofu kuihusu.

Dhana: Umeme wa nyumbani ni volti 230, kwa hiyo kapasita ya volti 250 inatosha.
Haitoshi, na ni hatari. Hiyo 230 si kilele cha wimbi. Kilele chenyewe hufika volti 325 hivi. Kapasita iliyo baada ya diodi, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, hujaa hadi hapo, ndiyo maana bodi nyingi za pawa saplai zina ya volti 400. Kwenye feni ni habari nyingine: pale umeme hugeuka upande, kwa hiyo weka iliyoandikwa AC. Ya elektroliti, yaani ile yenye ncha chanya na hasi, hata iwe ya volti 450, inaweza kupasuka.

Dhana: Mita ikisoma vizuri, kapasita ni nzima.
Elektroliti ya mikrofaradi 1,000 inaweza kusoma 930 huku ukinzani wake wa ndani, ESR, umepanda mara kadhaa. Mita ya kawaida haioni hilo. Pima ESR kwa kilohezi 100 ndipo uamue.

Dhana: Kapasita ya seramiki iliyoandikwa mikrofaradi 10 itakupa 10.
Hapa hata wabunifu wazoefu hunaswa. Vile vidude vidogo vya X5R na X7R, ambayo ni madaraja ya seramiki, hupoteza uwezo kadiri volti za DC (umeme usiogeuka upande) zinavyopanda juu yake. Vikikaribia kikomo cha volti zake, vingine hubaki na chini ya nusu. Wengi hujitetea kwamba X7R haibadiliki zaidi ya asilimia 15. Ni kweli, lakini ahadi hiyo inahusu joto tu, kuanzia nyuzi −55 hadi 125. Kuhusu volti haisemi lolote. Jibu liko kwenye grafu ya mtengenezaji, na grafu hiyo hutofautiana hata kati ya vipande viwili vyenye thamani moja lakini umbo tofauti. Mara nyingi kilicho kikubwa zaidi hupoteza kidogo. Saketi ikitaka thamani isiyoyumba, kama ya kupanga masafa ya mawimbi (frikwensi), tumia seramiki ya daraja la C0G, ingawa hupatikana zaidi kwa thamani ndogo.

Dhana: Elektroliti ya nyuzi 85 na ya 105 ni mamoja, mradi kifaa hakifiki huko.
Maisha ya elektroliti huongezeka takribani maradufu kila joto linaposhuka nyuzi 10. Zote mbili zikiwa za saa 2,000 kwenye kikomo chake cha joto, ndani ya kifaa chenye nyuzi 65 ya kwanza hukadiriwa saa 8,000, ya pili 32,000.