Usukani ukitetemeka, si lazima iwe alaimenti

Madereva wengi wa Mwanza huamini kuwa usukani ukitetemeka, gari linadai alaimenti, yaani kurekebishwa pembe za magurudumu. Kuchanganya ni rahisi: gereji nyingi hufanya alaimenti na balansi mahali pamoja.

Mtetemo unaoanza kwenye kilomita 80 hadi 100 kwa saa, tuseme umeshapita Usagara kuelekea Misungwi, mara nyingi ni balansi: uzito wa tairi na rimu haujakaa sawa. Alaimenti inahusu pembe hizo za magurudumu. Matairi ya mbele yakielekeana kidogo kwa mbele, gari hutulia kwenye mstari. Yakiachana, hutangatanga, nawe unalirekebisha kila mara. Safari ndefu ya namna hiyo huchosha mabega kweli.

Kabla ya kulipa, pima upepo asubuhi, tairi zikiwa za baridi. Kisha pitisha kiganja juu ya kashata, yaani meno ya uso wa tairi, kutoka nje kwenda ndani, halafu urudishe. Kwenda kukiteleza na kurudi kukikwaruza, pembe zimeenda kombo.

Gari kuvuta kushoto kidogo peke yake si ushahidi kuwa alaimenti ni mbovu. Upande wetu wa barabara huinamishwa kushoto ili maji ya mvua yatoke. Jaribu tena penye tambarare.